Kisu Kilichokataa Kukunjika

Juzi kijana mmoja alikuja kwenye meza yangu pale soko la Kalerwe, Kampala, ninapouzia masufuria, vijiko na takataka zingine za jikoni. Shati limepigwa pasi, simu kubwa kama sinia, manukato yamefika kabla yake. "Nnyabo, mama yangu, nataka kisu kidogo cha kukunja. Lakini orijino." Nikampa. Hata hakukiangalia sana. Akakunja mkono wa shati, akalamba ngozi yake, akaanza kujinyoa. Nywele za mkono zinaanguka kwenye vijiko vyangu, vijiko ambavyo watu watatia mdomoni, na yeye anatingisha kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Hapana," akasema. "Hii haina chuma." Haina chuma! Sasa nimekuuzia muhogo?

Nilishafungua mdomo nimtukane, lakini harufu ikanikamata. Visu vipya vinakuja vimepakwa mafuta mazito ya mashine, na jua likiyapiga yanatoa harufu fulani nzito, nusu gari, nusu damu. Mdomo ukabaki wazi bila kazi. Nikamuona mjomba wangu Ochaya amesimama mbele ya kibanda kama hiki, mkono wake mmoja hauna unywele hata wa dawa, umekuwa kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. Yule kijana alidhani nimeshangaa elimu yake. Akaondoka anafurahi. Aende salama, yeye na mkono wake.

Nyinyi wa umri wangu mliokulia kambi ya polisi hamna haja ya kuelezwa. Wengine nitawaeleza, ila msinisahihishe sana, mimi shule niliishia senior two, na hata hiyo two yenyewe tuliachana kwa ugomvi. Sisi tulikaa kwenye zile nyumba za bati za mviringo, fupi, mlango wake mpaka uiname ndiyo uingie, ndiyo maana ziliitwa mama-ingia-pole. Asubuhi bati linakuwa baridi, mchana linakuwa jiko, na jioni likianza kupoa linalia lenyewe, tak, tak, kama mtu anavunja vidole. Nilizaliwa ndani ya hiyo sauti. Kitanda cha baba na mama kilikuwa nyuma ya pazia, sisi watoto mbele, mwanga kidogo, na mali yetu yote unaweza kuigusa bila kusimama. Mtu wa mjini angecheka. Sisi ilikuwa nyumba, na ilikuwa nyumba kwa sababu moja tu: baba alikuwa polisi. Siku akiacha kuwa polisi, tunatoka na magodoro yetu kichwani.

Na baba alikuwa na mkono mmoja. Miwili ilikuwepo, lakini wa kushoto ulibanwa na geti la chuma akiwa kazini, na tangu hapo ulikuwa unaning'inia tu. Sisi watoto tuliambiwa mkono wa baba umelala. Mimi nikaamini. Kitu kikilala kinaamka, si ndiyo? Mama alikuwa akituamsha kwa maji baridi usoni, basi siku moja baba amejipumzisha nikamwagia ule mkono kikombe kizima. Mkono haukuamka. Baba ndiye aliyeamka. Alinitazama, akauliza ninafanya nini, nikamweleza. Hakunipiga. Alijifuta pole pole na ule mzima, akasema, "Basi uache ulale. Umechoka."

Sasa kulikuwa na mtu mmoja pale kambini, afande wa nyumba. Tulimwita Afande Kwota, maana nyumba za polisi zinaitwa kwota. Kazi yake ilikuwa kujua nani analala wapi, na aliifanya kama vile nyumba zote za bati alizizaa yeye. Tumbo lake lilikuwa linafika kwenye kona, linapumzika kidogo, ndipo yeye anatokea. Kichwa chake hakikuwa na nywele hata kidogo, kinang'aa. Huyu mtu alikuwa na tabia ya kusimama nje ya mlango wetu anaitazama nyumba yetu, si sisi, nyumba. Mama alisema ameshamwahidi mtoto wa dada yake. Alichohitaji ni baba aitwe mbele ya bodi ya madaktari, bodi iseme huyu hafai tena, na bodi inaita yule ambaye wakubwa wamelalamika juu yake. Afande alikuwa anatafuta la kulalamikia.

Krismasi ilikuwa inakaribia, na hapo ndipo kisu kinaingia.

Kambini kwetu Krismasi watu walichanga ng'ombe mmoja. Waislamu na Wakristo, wote, na anayechinja ni Mwislamu ili kila mtu ale. Wanaume wakishachuna, kabla nyama haijagawanywa, wanachoma maini palepale, wanakaa wakizunguka moto. Ini linapita. Linapokufika unaling'ata kwa meno, jirani yako anashika upande wa pili, halafu unakata mbele ya midomo yako kwa kisu chako. Chako, ukisikia vizuri. Kila mwanaume na cha kwake mfukoni. Asiye na kisu anakatiwa vipande, anawekewa kwenye jani la ndizi, kama sisi watoto. Tangu geti lile, baba kila Krismasi alikuwa na malaria. Malaria inakuja na ng'ombe, inaondoka na ng'ombe.

Mwaka huo mama akakataa. Nakumbuka alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mwaka huu huna malaria," akamwambia.

"Mwili wangu unaujua wewe?"

"Naujua. Utaenda, utakaa, utakata ini, na yule mwenye tumbo atakuona unakata. Usipoenda, atasema huyu hata kula hawezi. Atasema mbele ya wote, na utaitwa."

"Nikate na nini? Na kisu chako cha vitunguu?"

Kisu cha vitunguu kwenye moto wa wanaume, hapana. Na panga ni la kuchinjia. Kinachotakiwa ni kidogo, kizuri, cha kukunja, kinachokaa mfuko wa shati. Basi mama akamwita kaka yake, Mjomba Ochaya, na hapo ndipo mambo yakaharibika kwa utaratibu mzuri kabisa.

Mjomba Ochaya alikuwa askari wa geti kwenye nyumba ya wazungu. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga geti, lakini akili yake ilikuwa inaingia ndani na gari. Alijua sabuni gani ni orijino, viatu gani orijino, hata chumvi alikuwa anaonja anasema hii ni feki. Chumvi! Kwenye familia yetu hakuna aliyenunua kitu bila yeye, na hakuna kitu kilichodumu. Mimi nilipelekwa naye kwa sababu Luganda yake ilikuwa mbovu, na mimi nilikuwa nimejifunza kubishana bei kwa kusimama nyuma ya mama sokoni. "Wewe utasema," aliniambia, "mimi nitapima."

Tukaanza Kalerwe. Visu vilikuwa vimemwagwa kwenye gunia kama samaki, vyenye mpini mwekundu, wa kijani, wa picha ya simba. Muuzaji akasema, "Bosi, chagua, vyote orijino." Mjomba akacheka kwa pua. Akainua mkono wa shati na kuanza kunyoa. Kisu cha kwanza, hapana. Cha pili, hapana. Anapuliza nywele, anachukua kingine. Watu wamesimama wanatazama kama ni sinema ya bure. Mimi moyoni nikapata elimu kubwa: kumbe kisu kizuri ni kile kinachomaliza nywele. Palepale nikamwelewa Afande Kwota. Kichwa kile kimenyolewa mpaka kinang'aa, huyu mtu lazima ana kisu ambacho hakuna mwingine anacho kambini. Na padri wetu pia. Na yule mzee wa duka la mafuta ya taa. Nilikaa miaka mingi nawaogopa watu wenye vipara. Mume wangu wa sasa ana kipara, na mpaka leo akiingia ghafla nashtuka, na kisu chenyewe hana, anakatiwa mkate na mimi.

Pale kwenye gunia, Mjomba alikipata kimoja kinachonyoa. Akakifungua, akakikandamiza kwenye ubao kujaribu nguvu, na kisu kikarudi. Kikajikunja kwenye kidole chake gumba kama mdomo wa mbwa. Mjomba akaruka, akatia kidole mdomoni, na muuzaji akasema, bila aibu, "Umeona? Kina makali." Tulitoka pale Mjomba ananyonya kidole anatukana Uchina yote. Lakini niwe mkweli, maana simsifu mara nyingi: hapo alisema neno moja la akili katika maisha yake. "Shemeji ana mkono mmoja," akasema. "Kisu kikimrudia kikamkata huo mmoja, atabaki na nini? Tunataka kisu kisichorudi." Toka hapo ikawa ndiyo wimbo wake. Kisichorudi, kisichorudi.

Kasubi kulikuwa na duka la vifaa lenye kabati la kioo. Mwenye duka alikuwa na miwani kwenye kamba na kisu kimoja tu, amekilaza juu ya kitambaa kama yule mtoto wa kwenye hori. "Hicho ni cha Bulaya," akasema. Mjomba akanyoosha mkono. "Hapana ssebo. Kushika ni kununua." Wakatazamana. Wawili hawa walikuwa wameelewana kabisa, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa upuuzi wake. Wakaanza kusemezana mambo ya chuma, chuma cha baridi, chuma cha moto, chuma kilicholala kwenye mafuta, na ninaapa hakuna aliyejua anachosema. Mwisho mwenye duka akalainika, akampa akishike kwa kitambaa. Kwenye ubapa kulikuwa na jina limeandikwa, la kizungu. Mjomba akapitisha ukucha pale kulisoma vizuri, jina likatoka. Lote. Likabaki kwenye ukucha wake. Mwenye duka akalitazama, Mjomba akalitazama, mimi nikalitazama. "Rangi," Mjomba akasema. Mwenye duka akavua miwani, akasema duka limefungwa. Ilikuwa mchana kweupe.

Tukaishia Mengo, kwa mama mmoja Mkongomani, Mama Neema, anayeuza vitenge kwenye chumba kidogo. Chini ya vitenge alikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku chochote kilichovuka mpaka naye: saa, redio ndogo, miswaki, kufuli.

"Karibu papa. Unatafuta nini?"

"Kisu. Kidogo, cha kukunja, orijino, na kisichorudi."

"Iko," akasema. "Njo hii. Bwana yangu marehemu alinunua kwa mupadri mubelgiji."

Kilikuwa kidogo kweli, kinalala kwenye kiganja, mpini wa mbao nyeusi, pembeni shaba. Hakikuwa na simba. Hakikuwa na jina la kubandua. Alikishika kwa mikono miwili, akakivuta kwa ukucha, kikafunguka, kikasema tak. Mjomba akakichukua, akakisukuma kirudi. Hakirudi. Akakisukuma kwenye kona ya meza, akakiwekea uzito wake wote, uso umevimba. Hakirudi! Akaanza kutabasamu kama mtu aliyepata ndugu. Akakunja shati apime makali, tukagundua mkono huo nywele zimekwisha. Akageukia mwingine, ambao alikuwa anautunza kwa ajili ya kanisa la Jumapili, akanyoa pale mstari mmoja kama barabara mpya.

"Huyu," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu njo kisu." Alikuwa ameshakuwa Mkongomani kwa furaha.

Mama Neema akakichukua, akakifunga mwenyewe haraka, akakifungia kwenye kipande cha kitenge. Mimi nikabishana bei mpaka akaniita shetani mdogo, tukalipa, tukaondoka. Na hapa nataka mnisikie, nyinyi wapenda orijino. Tulizunguka Kampala mchana kutwa. Tulipima makali, tukapima chuma, tukapima jina, tukapima uchungu wa kidole gumba. Tulikuwa tunamnunulia kisu mtu mwenye mkono mmoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mtu wa mkono mmoja atakifunguaje. Wala atakifungaje. Mjomba alikuwa na mikono miwili, imenyolewa vizuri, haikumsaidia kufikiri. Na mimi, msinitazame, mimi nilikuwa bado nasubiri mkono wa baba uamke.

Krismasi ikafika. Baba alivaa shati jeupe, kisu kiko mfukoni. Mama alimfunga vifungo, akampiga kifuani kidogo, paa, kama unavyomruhusu ng'ombe aende. Tulimfuata kwa mbali mpaka pale tunaporuhusiwa watoto, kwenye mstari wa majani ya ndizi. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mawe na madebe, moshi unawapiga, ini linachuruzika. Afande Kwota alikuwa amekalia kiti. Cha kukunja, lakini kiti, wenzake wako kwenye madebe. Baba alipokaa, Afande akamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Konstebo! Leo malaria imekupa likizo?" Wakacheka kidogo. Si wote.

Ini likaanza kupita. Mimi nikawa nahesabu watu waliobaki kabla ya baba. Mjomba Ochaya, ambaye hakuwa polisi na hakualikwa, alikuwa amesimama nyuma ya baba kama anapigwa picha naye. Ini likafika. Koplo aliyechinja ng'ombe, aliyekaa kulia kwa baba, akashika upande wake kama anavyoshika kwa kila mtu, akangoja. Baba akatoa kisu. Kimefungwa. Akajaribu kukisukuma kwa kidole gumba. Akajaribu tena. Ini linadondosha mafuta kwenye moto, chaa, chaa. Afande Kwota akasogea mbele kwenye kiti chake. "Mkatieni," akasema, na sauti yake ilikuwa na huruma, ile huruma ya paka. "Leteni jani. Mkatieni huyu, inachelewa."

Mtu akachukua jani. Nililiona lile jani linakuja, na nikajua linakuja na magodoro yetu juu yake.

Baba akapeleka kisu mdomoni. Akauma ule ubapa pale penye kishimo cha ukucha, akavuta mpini mbali na uso wake. Tak. Kikafunguka. Akalishika ini kwa meno, koplo akavuta upande wake, baba akapitisha kisu mbele ya midomo kwa mkono ule mmoja. Mara moja. Hakikukwaruza, hakikurudi, ini likaachana kama vile lilikuwa limeshakubaliana. Akatafuna. Akatafuna polepole sana, macho yake kwa Afande Kwota.

"Orijino!" Mjomba akapiga kelele. "Mnaona? Haina kurudi hiyo!"

Yule wa jani akalikalia. Ini likaendelea kupita. Nilidhani tumeshinda, nikamtolea ulimi mtoto mmoja ambaye hakunifanya chochote.

Lakini hata nyama ina mwisho, na mwisho wake wanaume wanafuta visu kwenye suruali, wanavikunja, wanavitia mfukoni, wanaamka. Baba akafuta chake. Akakisukuma kwenye paja. Hakirudi. Akakigandamiza kwenye jiwe. Hakirudi. Mjomba akakichukua kwa majivuno, akavuta, akasukuma, akauma meno, uso ukawa kama kitunguu. Mwisho akamrudishia. "Shemeji," akanong'ona, "hiki ni kizuri sana."

Basi baba akarudi nyumbani na kisu wazi mkononi. Hawezi kukitia mfukoni, kitamtoboa. Hawezi kukificha na mkono mwingine. Akapita katikati ya nyumba zote za bati siku ya Krismasi, shati lina damu ya ini, kisu kinang'aa, anasalimia watu. "Krismasi njema." Wanawake waliokuwa wanapika nje wakawa wanavuta watoto kwa nguo na kuwaingiza ndani. Mmoja aliingia na mtoto wa jirani, si wake. Na Afande Kwota alikuwa amesimama amekunja mikono juu ya tumbo, anaangalia mwendo wote ule kama mtu anayesoma barua ya urithi.

"Amepata," mama akasema tulipofika. "Sasa amepata la kusema." Alimlaani Mjomba kwa Kilango, lugha ya kwao, ambacho kina maneno ya kazi hiyo. Mjomba akaondoka mapema. Mama akatoka kwenda kwa majirani kueleza kwamba mume wake hajawa kichaa. Baba akaingia ndani, akaketi nyuma ya pazia peke yake mpaka jioni. Sisi tulikaa nje, tunasikia bati linapoa. Tak. Tak. Nikafikiri leo linapoa sana. Tak, kimya, tak, kimya. Sikuwaza kitu kingine, bati ni bati.

Asubuhi Afande Kwota akaja na yunifomu kamili. Hakuingia, tumbo lisingepita mlango ule wala yeye asingeinama mbele yetu. Akasimama nje, na majirani wakakumbuka ghafla wana nguo za kuanika.

"Konstebo, toka."

Baba akatoka, ameinama, akasimama wima.

"Jana umetembea kambini na silaha wazi. Wanawake wameogopa. Watoto wameogopa. Hii mimi naiandika. Mtu wa hali yako hawezi kuwa na kisu, na mtu ambaye hawezi kuwa na kisu hawezi kuwa na bunduki, na bila bunduki ni polisi gani? Bodi itajibu. Lete kisu. Ni ekizibiti, ndicho ushahidi wa kesi."

"Ndiyo afande."

Baba akaingia ndani. Kidogo akatoka. Kisu kilikuwa mkononi, wazi kama jana. Akampa, mpini mbele, kwa heshima.

Afande akakipokea. Akakitazama. Akataka kukifunga atie mfukoni, kisu kikakataa. Akasukuma. Akakitia kwenye goti, akakitia kwenye ukuta wetu wa bati mpaka nyumba ikalia kama ngoma. Akamwita konstebo mmoja aliyekuwa anapita, wakashika wawili, mikono minne, mmoja huku, mmoja kule, wanahema. Hakirudi. Yule konstebo akajikata, akaomba ruhusa ya kwenda kujifunga. Afande akaangalia mfuko wake wa shati, akaangalia wa suruali, akaona mwenyewe kilicho chini ya mfuko wa suruali, akaacha. Kukirudisha kwa baba hawezi, ni ekizibiti. Kukitupa hawezi.

"Afande, nikuletee gazeti ukifunge ndani?" mama akauliza, sauti tamu kama uji wa harusi.

"Nyamaza!" akasema Afande.

Na akaondoka. Akapita katikati ya kambi nzima na kisu wazi mkononi, amekiweka mbali na mwili, jasho linatiririka kwenye kile kichwa. Wanawake wakaanza kuvuta watoto ndani. Safari hii walikuwa wanavuta kwa kelele. "Yesu wangu! Afande ana kisu! Jamani, ingieni ndani, Afande amechomoa kisu!" Wale ambao hawana watoto walivuta kuku. Mpaka anafika ofisini, kambi yote ilikuwa shahidi kwamba amechomoa kisu hadharani, na wengine waliongeza kwamba alikuwa anakimbia.

Ile kesi hakuiandika. Angeandika nini? Kwamba fulani alitembea na kisu wazi? Wangemuuliza, wewe kisu ulikileta namna gani hapa? Baba hakuitwa bodi kwa neno hilo wala kwa lingine. Alibaki polisi, tukabaki na bati letu mpaka alipostaafu kwa umri kama watu wengine, na mtoto wa dada ya Afande akatafuta pa kulala. Kisu hakikurudi. Nadhani kilikaa wazi kwenye droo fulani, kinasubiri mtu wa kuingiza mkono.

Lakini asubuhi ile, Afande alipokwisha kupotea kwenye kona, mama alikaa kizingitini akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Halafu akakumbuka hasara.

"Kisu kizuri kimekwenda," akasema. "Na Ochaya mjinga yule, ananunua kisu kisichofungika."

"Kinafungika," baba akasema. Alikuwa anakunywa chai. "Kuna mahali kwenye mgongo, pana mbonyeo. Unaminya kwenye goti, kinarudi. Nimekifungua na kukifunga jana jioni yote."

Mama akaacha kucheka. "Ulijua?"

"Tangu jana."

"Sasa mbona hukumwambia afande?"

Baba akaweka kikombe chini, akafuta midomo kwa mkono ule mmoja.

"Alisema lete kisu," akasema. "Nimeleta."